Mchagua Jembe

Msomaji wa visiwani akilisikia jina la Mtoni, bila shaka fikra zake humwendea kaskazini ya mji wa Unguja, penye magofu ya kasri la Seyyid Said bin Sultan, alikozaliwa Bibi Salme mwaka 1844. Mtoni ninakoandikia mimi si huko. Ni Mtoni ya Temeke, jijini Dar es Salaam, kando ya Barabara ya Kilwa, mahali ambapo Mto Kizinga huteremka kuelekea baharini na ambapo makondakta huita "Kwa Azizi Ali!" na "Mtongani!" tangu alfajiri. Hapa hapana kasri. Pana nyumba zilizobanana, vichochoro vya mchanga ambavyo masika huvigeuza matope, na watu wanaoamka mapema kwenda kutafuta riziki mjini. Ni katika Mtoni hii ndipo lilipozuka swali ninalotaka kulijadili.

Jirani yangu, mwalimu wa shule ya msingi, alinijia barazani jioni moja akaniambia kwamba, baada ya miaka sita ya kuweka akiba, yeye na mkewe wamepata fedha ya kununua gari la mtumba. Alitaka ushauri. Nikamwuliza anataka gari la namna gani. Akanijibu kama anavyojibu kila mtu: lisile mafuta mengi, spea zake zipatikane, lihimili njia zetu, lisilale gereji kila wiki. Kisha akanyamaza kidogo, akaongeza kwa sauti ya mtu anayeungama kosa: "Na tena, kaka, nataka gari ambalo nikiushika usukani wake nifurahi."

Mzee mmoja tuliyeketi naye akacheka, akasema, "Mwalimu, mchagua jembe si mkulima."

Methali hiyo ilimnyamazisha mwalimu, lakini mimi haikuniridhisha. Nilitambua kwamba ndani yake mna hukumu nzito kuliko mzee alivyokusudia. Je, mtu wa kipato kidogo, anaponunua kitu kwa ajili ya haja, ana haki ya kutafuta furaha ndani ya kitu hicho? Au furaha ni ziada waliyoachiwa matajiri, na maskini akiitaka huwa anawaibia wanawe?

Kabla ya kulijibu swali hili, hatuna budi kulitazama gari lenyewe, maana anayejadili maadili ya kitu asichokijua huishia katika mahubiri. Magari haya mengi hutoka Japani. Huko sheria hulitaka kila gari dogo la abiria likaguliwe linapotimiza miaka 3 tangu liwe jipya, na baada ya hapo kila miaka 2. Ukaguzi huo una gharama, na mwenye gari hufika mahali akaona heri anunue jingine. Kwa kuwa Wajapani nao huendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi, gari walilolichoka wao hutufaa sisi bila ya kuhamishwa usukani. Hupakiwa melini, likashushwa katika bandari ya Dar es Salaam, mwendo mfupi tu kutoka Mtoni. Hapo hukutana na ushuru wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa asilimia 25, na kodi ya ongezeko la thamani, ambayo upande wa Bara ni asilimia 18, na ushuru wa bidhaa unaofuata ukubwa wa injini, na nyongeza nyingine ikiwa gari ni kuukuu. Usione vyaelea, vimeundwa. Na haya tuyaonayo yakipita Barabara ya Kilwa, yamelipiwa.

Mwalimu hakuwa na uwezo wa kuagiza. Alikuwa akitafuta gari la mkononi, yaani lililokwisha kusajiliwa na kutumiwa humu nchini. Katika soko hilo madalali husemezana kwa herufi: gari hili ni namba C, lile ni namba D, lile namba E. Herufi za kwenye kibao humjulisha mnunuzi gari lilisajiliwa zamani kiasi gani, wala hazimjulishi limeishi maisha gani. Mita ya kilometa huweza kurudishwa nyuma. Rangi mpya huweza kufunika bodi iliyonyooshwa. Kipya kinyemi ingawa kidonda, walisema wahenga, na kidonda kilichopigwa rangi ni kinyemi zaidi.

Hapa methali ya mzee inapata jibu lake la kwanza. Majembe mapya dukani yote yanafanana, na anayeyageuzageuza toka asubuhi hadi adhuhuri kweli anakimbia kazi ya shamba. Lakini gari la mtumba halina pacha. Magari mawili ya jina moja, ya mwaka mmoja na ya rangi moja, moja laweza kuwa lilitunzwa na mwenyewe na jingine likateswa na kila aliyelikodi. Asiyechagua hapo hawi mkulima hodari; huwa mkulima aliyeuziwa jembe lililopasuka. Kwa hiyo kuchagua kwenyewe ni wajibu. Linalobaki ni kujua tuchague kwa kipimo gani, na kama furaha ina nafasi yoyote katika kipimo hicho.

Baada ya majuma kadhaa ya kutembelea yadi na kuzungumza na madalali, mwalimu alibakiwa na magari matatu moyoni mwake. La kwanza lilikuwa Toyota Noah, gari refu lenye injini ya lita 2 na viti vya watu wanane. La pili lilikuwa Toyota Vitz lenye gia za otomatiki na injini ya lita 1, gari ambalo kila fundi wa Temeke hulifungua na kulifunga akiwa amefumba macho. La tatu lilikuwa Suzuki Swift, dogo kama Vitz, lakini lenye injini ya lita 1.3 na gia za kupangua kwa mkono. Mzee wa barazani aliitetea Noah: "Gari ni la watu." Fundi aliitetea Vitz: "Spea zake zimejaa kila duka." Swift haikuwa na mtetezi ila mwalimu mwenyewe, ambaye alikuwa ameiendesha mara moja tu, kutoka Kurasini hadi Kigamboni kupitia darajani, akarejea na uso wa mtu aliyepokea barua njema.

Mkewe alimsikiliza mpaka akamaliza. Kisha akamwuliza swali moja: "Furaha yako hiyo, atailipa nani?"

Nakiri kwamba katika mjadala wote sikusikia swali bora kuliko hilo. Lakini kwanza tuwasikilize wanaosema kwamba halifai hata kuulizwa, kwa kuwa maskini hana haki ya furaha hiyo tangu mwanzo.

Hoja yao ni hii: mwenye kidogo hana budi kukitumia kidogo hicho kwa la lazima, na la lazima katika gari ni kufika. Gari lifikishalo ni gari. Mengineyo ni israfu. Ni hoja yenye sura ya uchaji, lakini hata wanazuoni walioandika juu ya mambo haya hawakuyabana hivyo. Imamu al-Shatibi wa Granada, aliyefariki mwaka 1388, aliyapanga maslahi ya mwanadamu katika daraja tatu: ya dharura, ambayo maisha hayasimami bila yake, ya haja, ambayo yakikosekana maisha huwa na dhiki, na ya kupendezesha, ambayo huyapa maisha uzuri na ukamilifu. Hakuitupa daraja ya tatu. Alichofundisha ni mpangilio: kinachopendezesha huja kukikamilisha kilicho cha lazima, na kikianza kukibomoa kile kilichokuja kukikamilisha, hapo huachwa. Kwa kipimo hicho hatuulizi kama mwalimu anaruhusiwa kufurahi. Tunauliza kama furaha yake inaikamilisha haja ya nyumba yake au inaibomoa.

Na sisi watu wa mwambao ndio wa mwisho kuweza kusema kwamba kitu cha kazi hakistahili kupendeza. Jahazi ni chombo cha kubebea mikoko, chumvi na vyungu; mbona nahodha alilitia macho kwenye omo? Mlango wa nyumba ya mji ni wa kuzuia mwizi na jua. Mbona fundi alikaa miezi akiuchonga maua na minyororo? Mbuzi ya kukunia nazi ni kibao na chuma chenye meno. Mbona zipo zilizonakshiwa miguu yake, ilhali zinakaa jikoni ambako mgeni haingii? Kanga ni nguo ya kujisitiri, nayo haikukubali kutoka kiwandani bila ya pindo, mji na jina. Waliotengeneza na kutumia vitu hivi wengi wao hawakuwa matajiri. Waliona kwamba kitu utakachokishika kila siku ya maisha yako kina haki ya kukupa kitu kila siku.

Hata hivyo, mfano wa mlango unatutahadharisha. Mlango ulichongwa kwa uzuri, lakini pia ulichongwa ili mpita njia ajue nani anakaa ndani. Hapa panahitaji maneno mawili yatenganishwe, ambayo katika mazungumzo yetu ya magari huchanganywa kila siku: furaha na fahari. Furaha ya kitu imo ndani ya matumizi yake. Fahari ya kitu imo katika macho ya watu. Anayefurahia gari lake hulifurahia hata alfajiri, barabara ikiwa tupu na hapana wa kumtazama. Anayejifaharisha nalo, barabara ikiwa tupu, hana kitu. Kwa hiyo kipimo ni chepesi, ingawa kujipima ni kuzito: kama hapangekuwa na mtu hata mmoja wa kukuona ukiliendesha, ungelitaka bado? Nilimwuliza mwalimu swali hilo. Alifikiri, akasema, "Swift hamna hata anayeigeukia, kaka. Nikitaka kuonekana ningenunua jingine." Nikamwamini.

Fahari ina ubaya mwingine, kwamba hudai kuitwa haja. Sijapata kumsikia mtu akisema, "Nimenunua gari kubwa ili niheshimiwe msibani." Husema, "Njia zetu mbovu," au "Jamaa zangu wengi." Uongo huo humgharimu anayeusema zaidi ya anayeusikia, maana aliyejidanganya juu ya sababu ya kununua hawezi kujua lini apunguze. Mwalimu aliungama tangu siku ya kwanza kwamba anataka kufurahi. Mzee alimcheka, lakini mimi naona kwamba alikuwa ameshavuka nusu ya safari, kwa kuwa tamaa iliyotajwa kwa jina lake yaweza kuandikwa katika daftari na kutiliwa bei.

Juu ya Noah, mzee alisema jambo ambalo si la kupuuzwa. Katika Mtoni, gari si la mwenye kadi peke yake. Mgonjwa akizidiwa usiku, mlango utakaogongwa ni wa mwenye gari. Maiti akisafirishwa, bibi harusi akisindikizwa, ni hivyo hivyo. Aliyenunua gari hapa ameingia katika deni ambalo hakulitia saini. Lakini deni hilo hulipwa kwa utayari zaidi kuliko kwa wingi wa viti. Mgonjwa wa usiku anahitaji kiti kimoja, na gari linalowaka. Harusi ni mara chache kwa mwaka, na siku hizo basi dogo hukodiwa. Na tangu mwaka 2017, ada ya mwaka ya leseni ya gari ilipofutwa na mzigo wake kuhamishiwa katika bei ya mafuta, anayetembeza viti vitupu huchangia barabara katika kila lita anayoitia. Mwalimu asingeweza kuilisha Noah. Ingelala uani, na gari lililolala uani halimfikishi mgonjwa hospitali ya Temeke.

Wako pia watakaosema kwamba mjadala wote huu ni wa bure, kwa kuwa njia ya mabasi yaendayo haraka imekwisha kujengwa katikati ya Barabara ya Kilwa, na kwamba gari la mtu mmoja mmoja huzidisha foleni ambayo wote tunailaani. Wana haki kwa kiasi kikubwa. Mwalimu hakubishana nao. Aliazimia kwamba siku za kazi ataendelea kupanda basi. Gari alilitaka kwa ajili ya mambo ambayo basi haliyafikii: mzazi wa mkewe aliyeko Kisarawe, mizigo ya mwisho wa mwezi, na mtoto wao wa pili, ambaye ana pumu na ambaye mara mbili wamempeleka hospitali usiku kwa bajaji, upepo ukimpiga kifuani.

Sasa turejee kwa swali la mke. Waliketi mezani na daftari la shule, kwa kuwa mali bila daftari huisha bila habari. Wakaandika bei ya kununulia, bima, matairi, mafuta, na fungu ambalo waliliita la fundi, lisiloguswa kwa jambo lolote jingine. Ikaonekana kwamba Swift bei yake ni nafuu kuliko Vitz waliyoiona, kwa sababu jijini watu wengi wanazikimbia gia za mkono. Lakini baadhi ya spea zake zingepaswa kutafutwa Kariakoo, na kusubiriwa. Furaha ya mwalimu ikawa imejitokeza katika safu ya matumizi, ina tarakimu yake. Akasema atailipa yeye: ataacha mambo fulani yaliyo yake, ambayo hapa sina haja ya kuyataja.

Mkewe akasema, "Hilo nimekubali. Lakini kuna lingine hujaliandika. Mimi naweza kuendesha otomatiki tu. Usiku mtoto akibanwa, na wewe umesafiri kusimamia mitihani, gari hilo litakuwa la nani?"

Mwalimu hakuwa na jibu. Aliponisimulia, nami sikuwa nalo. Furaha yake ilikuwa imepita kipimo cha barabara tupu na kipimo cha daftari, na bado ilikuwa na dhuluma ndani yake, kwa kuwa ilimfungia nje mtu ambaye nusu ya akiba ilikuwa yake. Nadhani makosa yetu mengi ya nyumbani ni ya namna hii. Hatuwi wabaya wala wafujaji. Tunachagua kwa mikono yetu tu, tukasahau kwamba chombo kitashikwa na mikono mingine.

Alifanya jambo moja ambalo namheshimu kwalo. Aliahirisha. Aliazima pikapu kuukuu ya ndugu yake, na kwa miezi miwili, kila Jumapili asubuhi, akamfundisha mkewe kupangua gia, huku akiwa amekubali mapema kwamba, mkewe akishindwa au akichukia, watanunua Vitz na neno la Swift halitatajwa tena. Swift waliyoiona ikauzwa wakati huo. Hakulalamika.

Mkewe hakushindwa wala hakuchukia. Siku moja niliwaona wakirudi, yeye kwenye usukani, mume kando, na pikapu ile mbovu ikipanda mlima kwa gia ya pili bila ya kukwama. "Shemeji," aliniambia aliposhuka, "kumbe gari huwa linakusikiliza." Aristotle aliandika kwamba raha hulikamilisha tendo, na kwamba anayelifurahia jambo ndiye hulifanya kwa makini zaidi. Niliyasoma hayo zamani, lakini sikuyafahamu kama nilivyoyafahamu jioni ile. Na itazamwe pia kwamba furaha hiyo haikuhitaji mwendo wa kasi. Sheria yetu katika maeneo ya makazi ni kilometa 50 kwa saa. Gari lenye nguvu nyingi halifikii raha yake ila kwa kuvunja sheria na kuhatarisha watoto wa watu. Gari dogo lenye gia za mkono hukupa yote liliyo nayo ukiwa katika kilometa 40.

Walipata Swift nyingine baada ya muda, kuukuu kuliko ile ya kwanza, na yenye kovu ubavuni ambalo muuzaji hakulificha. Masika yaliyofuata ilikwama katika kichochoro chetu, magurudumu yakizama matopeni. Tuliisukuma watu sita, na mzee wa barazani akiwa miongoni mwetu, akitoa amri zaidi ya nguvu. Ilipotoka, akajifuta matope akamwambia mwalimu, "Si nilikwambia? Noah ingepita." Huenda ni kweli, na huenda na Noah tungeisukuma, tena watu kumi.

Nikamwuliza mzee, ambaye ujana wake aliutumia akilima Rufiji, "Mzee wangu, lile jembe ulilokuwa ukilimia, mpini wake alikuchongea nani?"

Akanitazama kama niliyeuliza jambo la kitoto. "Mpini nilichonga mwenyewe. Mpini wa mwenzio utakuchubua mkono."

Sikuongeza neno, na sidhani kama aliona nilikokuwa nikielekea. Lakini ndilo jibu langu kwa methali yake. Jembe la chuma hununuliwa kwa haja, na mkulima halichagui sana. Mpini ni jambo jingine: huo huchongwa kwa kipimo cha kiganja, na mkulima asiyeona haya kuuchonga vizuri ndiye hulima hadi jioni. Ila katika nyumba ya watu wawili wanaolima kwa zamu, mpini hupimwa kwa viganja viwili, na mwenye kisu hana budi kusubiri hadi mwenziwe atoe mkono wake.